Ukoo uliooana: maswali yenu kuhusu mti wa nasaba

Maswali ya safari hii yametoka Tanga, Pangani na Bagamoyo, na karibu yote yana mzizi mmoja: ndoa za mtoto wa ami na mtoto wa mjomba, na nyumba mbili zilizopeana wake vizazi kwa vizazi.

Baba na mama yangu ni watoto wa ndugu wawili wanaume, baba mmoja mama mmoja. Babu yao nimwandike mara mbili? (Ngamiani, Tanga)

Hapana. Mtu mmoja, kadi moja ya habari zake. Wengi wetu wazazi wetu wana babu na bibi wanane kwa jumla. Wa kwenu ni sita, maana wawili wanakufikia kwa njia mbili. (Ndugu wale wangekuwa baba mmoja mama mbalimbali, wangekuwa saba.) Mchore babu huyo katika sanduku moja, teremsha mstari kwa kila mwanawe, kisha waunganishe wazazi wako kwa mistari miwili sambamba, ndiyo alama ya ndoa ya watu wa damu moja.

Kama unatumia hesabu ya wewe 1, baba 2, mama 3, ambapo baba wa kila mtu ni namba ya mtu huyo mara mbili na mama ni jibu hilo ukiongeza moja, babu huyo ataangukia 8 na tena 12. Habari zake zote ziweke kwenye 8. Kwenye 12 andika tu "tazama 8". Ukijaza sehemu zote mbili, siku moja utakuta 8 amefariki, 12 bado yu hai, na watoto wamegawanyika.

Tuna akina Ali bin Juma wanne na Juma bin Ali watatu. Nitawatenganishaje? (Pangani)

Hapa ndipo miti mingi ya pwani inapovurugika. Mtoto hupewa jina la babu, kwa hiyo jina huruka kizazi kimoja na kurudi, na kila mwana wa mzee Ali atataka kuwa na Ali wake. Tena mtoto akifariki mchanga, anayemfuata anaweza kupewa jina lilelile.

Majina matatu hayatoshi. Kinachotenganisha vizuri kuliko vyote ni jina la mama, na baba wa mama huyo. Kisha lakabu, mtaa au shamba, na majina ya wake. Halafu pima kwa umri: ukipata baba wa miaka 11, mama aliyezaa akiwa na 58, au mama mmoja mwenye watoto wawili waliopishana miezi minne, kadi yako imebeba watu wawili. Lakini usilazimishe kila kizazi kikae mstari mmoja. Mwenye wake kadhaa aweza kuzaa akiwa na miaka 20 na tena akiwa na 65, ndiyo maana kuna ami wadogo kuliko watoto wa ndugu zao.

Bila ushahidi, acha kadi mbili na uandike "huenda ni huyuhuyu". Kuunganisha ni kazi ya dakika moja. Kutenganisha ni kuanza upya.

Jihadhari pia na jina la ukoo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na baadhi ya walioachwa huru walichukua jina la ukoo wa mabwana zao. Kushirikiana jina hilo si lazima kuwe damu.

Bibi kila mtu anamwita "ndugu yangu". Nimuulizeje? (Makorora, Tanga)

Usimuulize "fulani ni nani kwako?", utajibiwa kwa heshima, si kwa nasaba. Uliza: alizaliwa na nani, kwa mama gani, mama huyo binti wa nani, na aliolewa na nani kabla na baada. Hilo la mwisho lina uzito. Mjane akiolewa na ndugu wa marehemu, watoto wa ndoa zote mbili ni tumbo moja na papo hapo ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Andika njia zote mbili. Ndugu wa ziwa na mtoto wa kulea wape mstari wa nukta: wa ziwa hawaoani katika Uislamu, lakini kunyonya hakuleti nasaba.

Nianze na karatasi zipi? (Dunda, Bagamoyo)

Mirathi. Faili la Mahakama ya Mwanzo huwa na muhtasari wa kikao cha ukoo unaotaja warithi. Faili zenye faida zaidi ni za aliyefariki bila mtoto wa kiume, kwa sababu katika mirathi ya Kiislamu hapo ndipo ndugu, ami na watoto wa ami huweza kuingia. Kisha cheti cha ndoa: tazama walii, yaani aliyemwozesha bibi harusi. Akiwa ami au kaka, huenda baba alikuwa ameshafariki. Kwa waliobatizwa, misheni ya Bagamoyo ilianza 1868. Peleka parokiani jina la ubatizo na mwaka wa kukadiria.

Mwaka wa Hijria kaburini uzidishe kwa 0.97, ongeza 622: 1345 inatoa 1926 au 1927.

Kipimo cha DNA kinasema sisi ni watoto wa mabinamu. Wazee wanasema undugu ni wa mbali zaidi. (Tanga)

Pengine wote wako sawa. Watoto wa mabinamu hushirikiana takriban asilimia 3 ya DNA, lakini undugu wa mbali kwa njia tatu au nne hujumlika hadi hapo. Tazama urefu wa vipande vya DNA mnavyoshirikiana: vingi vifupi bila kirefu huashiria ndoa za zamani zilizorudiarudia. Ndugu wawili wakioa dada wawili, watoto wao hukaribia asilimia 25, sawa na watoto wa baba mmoja mama mbalimbali. Pima wazee kwanza.

Nitumie programu gani ya kompyuta kutunza mti? (Bagamoyo)

Gramps: ni ya bure na haihitaji intaneti. Binamu akikuletea faili lake, usiliingize kwenye lako kabla ya kuweka nakala pembeni, kisha linganisha mtu kwa mtu. Programu itakupendekezea wanaofanana majina, na kwa ukoo kama wenu wengi wao si mtu mmoja.