Maswali ya Wasomaji: Kempa kwenye theluji, mpaka Nordkapp?

SWALI: Habari za kazi kaka. Sisi tuko Stockholm, mi na mume wangu na watoto wawili wa miaka 11 na 7. Watoto wana likizo ya shule wiki ya 9, mwisho wa Februari, sasa tumepata wazo la kukodi kempa, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, tupande nayo mpaka Nordkapp kule juu Norway tukaone zile taa za kaskazini, mianga ya rangi inayocheza angani usiku, siku 9 kwenda na kurudi. Mume wangu ameendesha lori Mombasa mpaka Kampala miaka mingi, barabara haimtishi. Ninachotaka kujua ni baridi tu, tununue nguo gani na blanketi ngapi?
*Mama Wawili, Stockholm*

JIBU: Dada, asante kwa kuandika, na msalimie sana shemeji. Naanza na ambacho hukuuliza, maana nguo mtapata tu, ila hizo siku 9 ndo zimenipa wasiwasi.

Stockholm mpaka Kiruna, mji wa kaskazini kabisa mwa Sweden, peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200, alafu Kiruna mpaka Nordkapp ongeza nyingine zaidi ya 600. Ukijumlisha na kurudi inakuja zaidi ya 3,600, yaani kila siku kilomita 400 bila kupumzika hata siku moja, juu ya barafu, na mwisho wa Februari kule mwanga ni masaa 9 hivi. Shemeji ataweza, simtilii shaka, ila watoto watashinda wamefungwa mikanda na usiku nyote hoi, taa zinacheza juu nyie mmelala fofofo.

Na barabara yenyewe si yako, ni ya upepo. Kile kipande cha mwisho cha E69 kuingia Nordkapp wakati wa baridi unapita kwa msafara tu, kwa saa zilizopangwa, mnajipanga nyuma ya gari la kusukuma theluji, na upepo ukizidi hakuna anayepita. Hata E10 ukivuka mpaka kutoka Sweden kuingia Norway pale Bjørnfjell ni hivo hivo, geti linashuka mnasubiri, inaweza kuwa nusu saa inaweza kuwa usiku kucha. Na msidhani ni kaskazini tu. Januari 2024 kwenye E22 kule Skåne, kusini kabisa mwa Sweden, magari kama elfu moja yalikwama kwenye theluji na watu wakalala humo humo.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningeiacha Nordkapp kwa kiangazi. Pandeni treni ya usiku mpaka kaskazini, kempa mkodi huko huko juu kwa watu wanaokodisha baridi kila mwaka, alafu mzunguke Kiruna, Abisko na Narvik ya upande wa Norway basi. Kiruna mpaka Narvik ni kilomita 180 hivi tu. Abisko ina bahati yake, milima ya upande wa Norway inazuia mawingu yanayotoka baharini kwa hiyo anga inakuwa wazi mara nyingi kuliko sehemu za jirani, na mkikaa usiku tatu au nne sehemu moja nafasi ya kuziona taa ni kubwa kuliko mkikimbia. Na msipange siku zote, mbili ziachwe tupu kabisa, hizo ndo za geti likishuka.

Sasa baridi. Dada, kwenye kempa baridi haianzi kwa mtu, inaanza kwenye gesi na maji. Mara yangu ya kwanza ilikuwa mwezi Machi, tumepaki kando ya ziwa Torneträsk, nje nyuzi 21 chini ya sifuri. Saa nane usiku nikaamshwa na pua, imeganda, hita inapuliza hewa ya baridi. Nikatoka na tochi nikafungua kile kikabati cha mitungi, nikaunyanyua mtungi, mzito! Nikautikisa nikasikia gesi inacheza ndani chokochoko kama mafuta ya taa kwenye dumu. Gesi ipo ila haitoki. Nikiwa bado nimesimama pale nasikia maji yanamwagika chini ya gari, lita 10 zote za boila, lile tangi la maji moto, zinaishia kwenye theluji, na kesho yake mke wangu anayeyusha theluji kwenye sufuria ili mtoto apate chai.

Kilichotokea ni hiki. Tuliyekodi kwake alitupa gesi ya mchanganyiko wa butani na propani, ile ya kiangazi. Butani inaacha kugeuka hewa ikifika karibu na sifuri, inabaki kimiminika chini ya mtungi, lakini propani inaendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo muulizeni mtu wa kukodisha swali moja tu, hii ni propani tupu? Akisitasita tafuteni mwingine. Yale maji nayo ni valvu, hita nyingi zina valvu inayofunguka yenyewe ikihisi nyuzi 3 ili boila lisipasuke, na haifungiki tena mpaka pale ilipo papate joto. Jueni iko wapi kabla hamjaondoka, na vyombo na mabegi yasiizibe ikakosa joto. Maji ya kunywa na kupikia yawekeni kwenye madumu ndani mnapolala. Maji machafu acheni koki wazi, ndoo chini, asubuhi mnatoa kipande cha barafu mnakimwaga sehemu yake.

Na hesabuni mtungi wa kilo 11 kwa siku tatu au nne, hita ikiwaka usiku na mchana. Mi wangu wa pili, wa propani, uliisha siku ya nne jioni. Dizeli jazeni huko huko kaskazini, ile ya kusini inaweza kuganda ikaziba filta. Mkipaki sehemu tambarare msivute hendibreki, inagandia, wekeni gia. Tairi za baridi zitakuwepo, ni sheria, ila ombeni zenye misumari.

Hili jingine naomba mlisome wawili. Sisi tumekua tunasikia habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani hawakuamka. Kempa ni chumba kidogo kuliko vyumba vyao vyote. Bomba la moshi la hita liko juu ya paa au ubavuni, theluji ikishuka usiku inaliziba na ile hewa ya sumu inarudi ndani, haina harufu. Kingora cha kaboni monoksaidi kiwepo na mkijaribu kabla ya safari, na kila mkitoka nje pangusa bomba. Msiwashe jiko la gesi ili kupasha joto chumba, kupika tu na dirisha wazi kidogo.

Nguo: sufu inayogusa mwili, juu yake ya kuzuia upepo, na viatu vikubwa namba moja zaidi ili soksi zipumue. Blanketi moja kwa kila mtu na begi la kulalia la baridi inatosha kama gesi ni sahihi.

Mkiona mfuko mweusi wa plastiki umefungwa kwenye nguzo pembeni ya barabara, hao ni wafugaji Wasami, wenyeji wa asili wa kule kaskazini, wanawaambia kuna reinde karibu, wale wanyama wao wa pembe ndefu. Punguzeni mwendo hapo hapo, wanavuka kundi zima na hawana haraka.

SWALI: Kaka nina leseni ya Kenya, Sweden nimesajiliwa kama mkazi miezi 14 sasa. Jamaa zangu wanataka niwe dereva wa kempa, itakubalika?
*Otieno, Göteborg*

JIBU: Hapana ndugu yangu, leseni ya kwetu hapa inakufa ukishatimiza mwaka mmoja tangu usajiliwe, na ya Kenya haibadilishwi, unaanza upya. Ukishikwa au ukigonga ni kesi yako na bima hapo ni mtihani. Ila usivunjike moyo, kwenye kusomea utapitia ile siku ya kuendesha kwenye uwanja wa kuteleza, na mi naona ndo somo bora kuliko yote kwa mtu aliyejifunzia kwenye lami kavu. Safari hii kaa kiti cha pembeni, shika ramani.

SWALI: Nimesikia Sweden mtu analala popote bure. Na kempa pia?
*Bi Rukia, Malmö*

JIBU: Bi Rukia, ile haki ni ya mtu wa miguu na hema lake, gari haliruhusiwi kutoka barabarani kuingia porini. Vituo vya kupumzikia pembeni ya barabara kuu unaweza kulala usiku mmoja, soma kibao. Lakini mwezi wa pili mi nakushauri lipia kempingi yenye umeme, usiku hita ikifanya kazi kwa umeme mtungi wako unapumzika. Na ukikuta mwisho wa barabara pamesukumwa theluji vizuri kwa duara, panavutia kweli kupaki, usipaki. Hapo ndo gari la theluji linageuzia, na linakuja saa kumi alfajiri.