Picha za bidhaa: kabla ya kutaja bei, uliza picha zinakwenda wapi

Ndugu uliyeuliza, kama nimekusoma vizuri: umezoea kupiga picha za harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulishana ukweni), sasa kampuni ya vyakula hapa Kampala inataka uwapigie picha bidhaa 24, yaani juisi za chupa za kioo, kahawa ya Bugisu kwenye pakiti za foili, na siagi ya shea kwenye makopo. Wanataka bei leo. Usiwape leo. Waulize kwanza picha zinakwenda wapi, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua lenzi, taa, idadi ya siku, aina ya faili na mwishowe pesa.

Picha ya duka la mtandaoni inataka nyuma kuwe kweupe kabisa. Amazon, kwa mfano, hudai weupe wa RGB 255, 255, 255 (nyekundu, kijani na bluu zote zikiwa kileleni) na bidhaa ijaze angalau asilimia 85 ya fremu. Bango la A3 la kubandika supamaketi linataka pikseli 3508 kwa 4961 likichapwa kwa nukta 300 kwa inchi. Kamera ya megapikseli 24 inafika hapo, ila haikuachii nafasi kubwa ya kukata picha baadaye. Bango kubwa la Jinja Road linatazamwa kutoka mbali, nukta zake kwa inchi ni chache, kwa hiyo ukubwa wa faili si tatizo kama wengi wanavyodhani. Tatizo ni eneo tupu. Mbunifu anahitaji pa kuweka maneno, na kama chupa imejaza fremu kutoka chini hadi juu, umemfunga mikono.

Matumizi hayohayo ndiyo yanayopaswa kuandikwa kwenye mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kazi iliyoagizwa na mtu, pasipo mkataba unaosema vingine, hakimiliki yake ni ya aliyeagiza. Wanaojifunza biashara hii kwa video za Marekani au Uingereza huamini kinyume chake, wakaja kushangaa picha ya kopo imegeuka kalenda, kasha na tangazo la gari bila shilingi ya ziada. Andika wazi kwamba hakimiliki inabaki kwako, na kwamba mteja anapewa leseni ya matumizi gani, nchi zipi, kwa muda gani. Andika pia idadi ya picha za mwisho, marekebisho ni mara mbili tu, na nusu ya malipo inatangulia. Kampuni iliyoteuliwa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kukata kodi ya zuio itakukata asilimia 6: ukidai 3,000,000 utapokea 2,820,000. Zile 180,000 hazijapotea ukidai cheti cha makato, lakini usizihesabu kwenye pesa za kukodi taa za wiki hiyo.

Sasa bidhaa zenyewe. Omba angalau sita za kila aina, usikubali moja moja. Lebo zinazobandikwa kwa mkono zinapinda, gundi inatokeza pembeni, vifuniko vina mikwaruzo, alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, imechapwa nusu. Katika sita utapata moja safi ya kupiga na ya pili ya akiba. Zishike kwa glovu za pamba, maana alama ya kidole kwenye kioo haionekani mpaka taa iwake. Mwulize mteja pia kama lebo hiyo ndiyo ya mwisho. Wakibadilisha muundo baada ya siku ya kupiga, hiyo ni kazi mpya, na mkataba uliseme hilo.

Panga ratiba kwa aina ya uso, usipange kwa majina ya bidhaa. Kioo siku moja, foili baada yake, makopo mwisho. Chupa ya kwanza inaweza kula saa mbili nzima. Zinazofuata za umbo lilelile ni dakika kumi hadi kumi na tano kila moja, mradi tripodi haijaguswa na mahali pa chupa pamewekwa alama ya utepe mezani. Ukirukaruka kutoka chupa kwenda pakiti na kurudi, unalipa zile saa mbili upya kila mara.

Chumba kiwe na giza. Ukuta wa kijani utaonekana kijani kwenye ubavu wa chupa, na shati lako jeupe litaonekana pia, kwa hiyo vaa nyeusi na ununue mita kadhaa za kitambaa cheusi kwenye maduka ya vitambaa ya Kiyembe uzibe madirisha. Weka ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata sekunde 1/125, kisha piga fremu moja flashi zikiwa zimezimwa. Ikitoka nyeusi tupu, uko sawa. Ikionyesha chochote, taa ya dari inaingia na itakuharibia rangi. Lenzi ya milimita 85 hadi 105 inanyoosha chupa vizuri. Ya 35 inavimbisha tumbo lake. Ukibana tundu kupita f/16 picha nzima inaanza kupoteza ukali, kwa hiyo kama kina cha fokasi hakitoshi, piga fremu tano au sita ukisogeza fokasi kidogokidogo, uziunganishe kwenye kompyuta.

Chupa ya juisi ndiyo itakayokutoa jasho. Kioo kinaonyesha kile kinachokizunguka, basi kazi yako ni kupanga vya kuizunguka. Ukielekeza taa kwenye chupa utapata doa jeupe tu. Simamisha karatasi ya kupitisha mwanga kila upande wa chupa, sentimita 30 hivi kutoka kwenye kioo, na taa iwe nyuma ya karatasi. Hapo utaona mstari mrefu wa mwanga ukishuka kutoka shingoni hadi kitakoni. Ukitaka mstari uwe na ukingo laini upande mmoja, sogeza taa kwenye ncha ya karatasi badala ya katikati. Kingo za chupa zikipotelea kwenye weupe wa nyuma, weka vipande viwili vya kadi nyeusi pembeni, nje kidogo ya fremu. Kioo kitaviakisi na kuchora mstari mweusi mwembamba unaoitenga chupa.

Juisi yenyewe itaonekana kama matope usipoipa mwanga kwa nyuma. Kata kadi ya rangi ya fedha kwa umbo la chupa, ndogo kuliko chupa kwa nusu sentimita kila upande, uisimamishe nyuma yake ikiwa imeinama kupokea mwanga. Juisi ya pasheni inawaka papo hapo, na rangi ya njano inatoka jinsi mteja anavyoijua. Kadi ikichungulia pembeni, ikate tena. Matone ya ubaridi usiyafanye kwa maji matupu, yatateremka kabla hujafunga fokasi. Changanya gliserini ya duka la dawa na maji nusu kwa nusu, pulizia kwa mbali, na funika lebo kwa utepe wa karatasi kabla ya kupulizia kwa sababu karatasi ikilowa hairudi. Matone hayo yatakaa.

Kwa nyuma kweupe, iweke chupa mita moja na nusu au mbili mbele ya ukuta, na mwanga wa ukuta uwe mara mbili ya ule wa bidhaa. Zaidi ya hapo weupe unamwagikia lenzi na rangi zinapauka.

Pakiti ya foili ni habari nyingine. Ijaze mchele au pamba ili isimame bila makunyanzi. Kichujio cha polaraiza (cha kupunguza mng'ao) kwenye lenzi pekee hakitaondoa mng'ao wa foili. Unahitaji karatasi ya polaraiza mbele ya taa pia, halafu uzungushe kile cha lenzi mpaka mng'ao ufe. Usiuue wote. Foili isiyong'aa kabisa inaonekana kama plastiki ya bei rahisi, na mteja alilipia foili. Mwanga utakaoupoteza ni mwingi, kwa hiyo flashi ya wati-sekunde 400 itafanya kazi karibu na mwisho wake. Siagi ya shea inalainika kwa joto, ifunue dakika ya mwisho.

Umeme ukikatika, inverta ya kawaida ya nyumbani haipendi flashi ya kuchomeka ukutani: kila inapojichaji inavuta umeme mwingi kwa kishindo, inverta inajizima. Jenereta ndogo nayo inayumba, na nguvu ya flashi inayumba nayo, picha mbili mfululizo hazilingani. Kukodi flashi za betri kunatoka nafuu kuliko kurudia siku.

Piga kamera ikiwa imeunganishwa na laptopu kwa kebo, na mwakilishi wa mteja akae pale aidhinishe kila bidhaa kabla haijaondoka mezani. Fremu ya kwanza ya kila mpangilio iwe na kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi. Kama kuna kazi ya kuchapa, toa kipande cha majaribio Nasser Road, mtaa wa wachapaji, kwenye mashine ileile itakayochapa kazi yote, kwani rangi ya chungwa na kijani kikali hufifia zikihamishwa kwenda CMYK, yaani wino nne za uchapaji, na ni heri mteja alione hilo kwenye karatasi ya A4 kuliko kwenye makasha elfu tano.

Mpe mteja JPEG za mtandao na TIFF za kuchapa, kila faili likiwa na jina la bidhaa na ujazo wake. RAW, yaani faili ghafi za kamera, zibaki kwako, nakala tatu, moja nje ya jengo unalofanyia kazi. Kadi za kamera usizifute mpaka mteja athibitishe kwa maandishi kwamba amefungua mafaili yote.