Anko wa Jukwaani: Timu inashuka, madeni yanabaki

Wiki hii kapu zima ni kushuka daraja tu, hata wa Simba na Yanga wamekaa kimya. Nimechagua barua tano, zingine zinafanana sana, mtajiona humuhumu.

Anko shikamoo. Mimi ni mwanachama wa kadi wa timu moja huku Kanda ya Ziwa, jina naomba niliache manake mji wenyewe mdogo. Tupo nafasi ya 15, zimebaki mechi tano, wachezaji hawajalipwa toka mwezi wa kumi na mbili, wanakula kwa mama ntilie kwa mkopo, na juzi waligoma mazoezi wakakaa tu chini ya mwembe na kandambili zao. Sasa katibu katupia namba kwenye grupu la WhatsApp kila mwanachama atume elfu ishirini ya mishahara, namba ni yake binafsi. Nikiuliza naambiwa mimi mamluki. Nitume au nisitume? Na tukishuka ndo basi tena?

Marahaba. Usitume. Yaani nimesoma hiyo barua nikafika kwenye "namba ni yake binafsi" nikaweka simu chini. Klabu iliyosajiliwa ina akaunti benki na ina watu wa kusaini, kama hela haiwezi kupita huko basi swali ni kwanini haiwezi, na jibu mara nyingi ni kwamba wenye saini wamegombana au akaunti imekamatwa na mtu anayedai.

Halafu piga hesabu. Mkiwa watu mia mbili wote mkatuma, ambayo haijawahi kutokea kwenye grupu lolote duniani, ni milioni nne. Hiyo toka huko kwenu basi la timu liende Mtwara lirudi, dizeli, hoteli na chakula cha watu thelathini, imeisha njiani, na mishahara bado. Kama roho inakuuma kweli nenda kwa yule mama ntilie, muulize deni la vijana ni shingapi, lipa unachoweza yeye mwenyewe mkononi. Hapo umemlisha beki wako na umemsaidia mama wa watu, na katibu hajaigusa hela yako.

La pili, tukishuka ndo basi? Hapana, kushuka hakuui timu, kinachoua ni kushuka na madeni huku mfuko ukiwa mmoja. Angalia Stand United ya Shinyanga, Chama la Wana, timu iliyoanzia kwa watu wa stendi kabisa, ikapanda, ikapata udhamini wa wenye migodi, Acacia. Wengi tulisema hawa wamelamba dume. Kilichofuata si mpira, ni mvutano wa klabu na kampuni nani mwenye timu, mdhamini akajitoa 2016, na 2019 wakashuka. Singida United walipanda 2017 wakiwa na kocha Hans van der Pluijm, aliyekuwa Yanga, wadhamini kibao, wachezaji wa kigeni kibao, 2020 wako chini. Geita Gold ndo inaniuma zaidi, msimu wa 2021/22 walimaliza nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, wakaenda kucheza Shirikisho Afrika, miaka miwili baadae wameshuka. Miaka miwili tu!

Ukizitazama hizo tatu, zote zilikuwa zinaishi kwa hela za wadhamini, na siku hao wakikunja mkono hamna kitu kingine. Jezi haziuzwi, kadi za uanachama hazilipiwi (wewe yako umelipia lini?), na mlangoni wanaingia watu mia tatu mpaka aje Yanga. Na akija Yanga mnajua kinachotokea, nusu ya mji inavua jezi yenu inavaa ya kijani, wanajaza uwanja wanashangilia mnapigwa tatu, na bado ndo siku ambayo klabu yenu inapata hela ya maana ya mlangoni kwa msimu mzima, tena baada ya makato ya VAT, uwanja, TFF, bodi ya ligi na chama cha mkoa. Kuna hela za Azam TV za kuonyesha mechi pia, ule mkataba wa 2021 wa bilioni 225.6 kwa miaka kumi, bila huo nusu ya ligi isingekuwepo leo. Lakini viongozi wengi wanaikopea kabla haijaingia, ikiingia inapitiliza kwa anayedai. Na ukishuka Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu, hela ya TV si ile tena, ila mikataba uliyosaini juu bado inakudai vilevile.

Kwahiyo badala ya elfu ishirini, wewe na wenzako kumi andikeni barua ya kuomba mkutano wa dharura kwa mujibu wa katiba yenu, ajenda moja: mapato na matumizi, na orodha ya madeni kwa majina. Mkiitwa mamluki itikeni.

Anko naomba nieleweshe hii mtoano, kila mwaka nasahau. Nafasi ya ngapi inashuka moja kwa moja? (Msomaji, Mbeya)

Wa 15 na wa 16 wanashuka bila kujadiliana. Wa 13 na wa 14 wanakutana nyumbani na ugenini, mshindi anabaki, aliyeshindwa anapewa nafasi ya mwisho dhidi ya mshindi wa mtoano wa Championship. Mwaka 2025 Prisons alimtoa Fountain Gate, Fountain Gate akaenda kumalizia hasira kwa Stand United akabaki. Wewe wa Mbeya unaijua vizuri tu hii, 2023 Mbeya City walipelekwa chini na Mashujaa kwa njia hiyohiyo, ila 2025 wakapanda pamoja na Mtibwa Sugar. Mtibwa nao walikuwa wameshuka 2024, bingwa wa nchi wa 1999 na 2000 kashuka, kakaa msimu mmoja, karudi. Huyo wa barua ya juu asome hapa.

Sasa Anko, niko Kenya, timu yangu imeshakosa mechi mbili za ugenini, nauli hakuna. Mwenyekiti anasema heri kutoa walkover (mpinzani apewe ushindi wa mezani) kuliko kuendelea kukopa. Ana pointi?

Hana, na wewe ni Mkenya ungemkumbusha Sony Sugar. Bingwa wa ligi 2006, timu ya kiwanda cha sukari Awendo. 2019 SportPesa, kampuni ya kubeti, walipojiondoa kwenye udhamini kwa ajili ya ule ugomvi wa kodi na serikali, ligi nzima iliyumba, na kiwanda chenyewe kilikuwa hoi. Wakakosa mechi, wakakosa nyingine, ya tatu wakatolewa ligini kabisa, hata matokeo yao yakafutwa. Ukishushwa kwa pointi unashuka na wachezaji unaoweza kuwauza. Ukifukuzwa kwa kutotokea, kila mchezaji anaondoka na bado anakudai. Mwambie mwenyekiti akope basi la shule, watoto wa under 20 wavae jezi wapigwe tano, lakini wafike uwanjani.

Anko, nasikia Uingereza kuna mashabiki walinunua timu yao ikiwa imefilisika. Ni kweli au stori za vijiweni? Na sisi tunaweza? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli, Portsmouth. 2008 walichukua FA Cup, Kanu akafunga, mishahara wanalipa ya wakubwa na uwanja wao Fratton Park unaingiza watu kama elfu ishirini tu. Februari 2010 wakawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, wakakatwa pointi 9, wakashuka. 2012 tena, pointi 10, wakashuka tena, na 2013 tena, wakawa daraja la nne. Hapo ndo mashabiki wakanunua hisa za pauni 1,000 kila mmoja kupitia umoja wao, wakachukua klabu Aprili 2013. Walikaa nayo miaka minne, wakalipa madeni, wakapanda 2017, halafu wakapiga kura wenyewe kumuuzia Michael Eisner, yule aliyekuwa bosi wa Disney.

Sisi? Kikanuni njia ipo, ule utaratibu wa wanachama kumiliki asilimia 51 na mwekezaji 49 mnausikia kila siku kwa Simba na Yanga. Lakini wale wa Portsmouth walitoa hela kwa sababu kwanza vitabu vilifunguliwa wakaona shimo lina kina gani. Huku kwetu mtu anaombwa achangie shimo gizani. Coastal Union yenu walichukua ubingwa 1988, mashabiki Tanga wapo tena wenye uchungu, anzeni hata na watu mia wenye kadi hai muone.

Mdogo wangu anacheza timu moja ya ligi kuu, miezi mitatu hajalipwa, wanamwambia akiondoka atafungiwa. Kweli?

Wanamtisha. Kanuni za FIFA zinasema klabu isipolipa angalau mishahara ya miezi miwili kwa makosa yake, mchezaji anaipa notisi ya maandishi ya siku 15 ilipe, isipolipa anavunja mkataba kwa sababu halali. Akishinda kesi na klabu ikaendelea kukausha, anayefungiwa ni klabu, inaweza kuzuiwa kusajili hata kwa madirisha matatu ya usajili. Aende na mwanasheria au chama cha wachezaji, awe na kopi ya mkataba wake (muulize kama anayo, wengi hawana, ipo kabatini kwa katibu). Na notisi iwe barua, ipokelewe na igongwe muhuri, asitume voisi noti.