Kabla Hujapakia Viazi: Ushauri wa Mfanyabiashara Aliyekwisha Kupoteza Mzigo

Miaka kadhaa iliyopita, katikati ya mvua za Machi, nilipakia magunia 90 ya viazi mviringo katika kijiji kimoja mkoani Njombe, nikijipongeza kwa sababu bei ya shamba ilikuwa chini kuliko nilivyozoea. Gari lilifika soko la Mabibo, Dar es Salaam, siku ya nne badala ya siku ya pili, na magunia ya chini yalikuwa yanachuruzika maji yenye harufu. Tulimwaga mzigo wote, tukachambua usiku kucha, na vilivyosalimika viliuzwa kwa fedha ambayo haikufikia hata nauli ya gari. Kwa muda mrefu niliilaumu barabara, kwa maana ni kweli kwamba lori lilikuwa limeanguka katika mlima Kitonga na kuziba njia. Leo nakiri kwamba hasara ile niliinunua mwenyewe shambani, na barabara iliniongezea tu siku mbili za kuiona.

Viazi vile vilichimbwa vichanga, tena udongo ukiwa umelowa. Kiazi kilichochimbwa bado ni kitu hai: kinapumua, kinatoa joto na kinapoteza maji, na kinga yake ni ngozi. Ili ngozi hiyo ikomae, mkulima anapaswa kukata majani na kuviacha viazi ardhini kwa takriban wiki mbili kabla ya kuchimba. Bei inapopanda, wiki hizo mbili huwa za kwanza kuondolewa, na tusiwatupie wakulima lawama zote, kwa kuwa ni sisi wanunuzi tunaofika na fedha mkononi tukishindana kuwahi gari. Kipimo changu siku hizi ni kidole gumba: nasugua kiazi kwa nguvu, na ngozi ikichubuka ninaahirisha, hata kama wapakiaji wamekwisha kuitwa.

Baada ya hapo nakata viazi vichache kutoka pembe mbalimbali za shamba. Nikiona duara la kahawia ndani ya nyama, na ute mweupe unaotoka nikikibinya, najua shamba lina mnyauko wa bakteria na sinunui hata gunia moja, kwa sababu kiazi kimoja kilichooza hudondoshea maji magunia yote yaliyo chini yake. Kuna wanaodhani watachambua sokoni. Sokoni utachambua ulichokwisha kulipia, pamoja na nauli yake.

Katika gari, kosa la kawaida ni kufunga turubai pande zote kwa hofu ya mvua. Mzigo unaopumua bila hewa hujipika wenyewe, hasa gari linaposhuka kutoka baridi ya Makambako kuelekea joto la Morogoro na Pwani. Acha nafasi ya hewa mbele na nyuma, na kukiwa hakuna mvua njiani dereva afungue pembeni. Lakini viazi visianikwe juani, kwani mwanga huvigeuza kijani, na kiazi cha kijani ni kichungu na kina sumu. Wapo wanaokimbilia chumba cha baridi kama dawa ya yote. Kwa viazi vya chipsi, ubaridi wa nyuzi nne au tano hugeuza wanga kuwa sukari, na chipsi zake hutoka nyeusi kabla hazijaiva, kwa hiyo mteja wako wa chipsi hatarudi.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, sitaijadili sana. Sheria inakataza, Wakala wa Vipimo hukamata, na gunia lililoshonewa kilemba hukufanya ununue kwa macho badala ya kilo. Beba mizani yako.

Jambo linalowasumbua wengi zaidi ni bei ya kufikia, yaani bei utakayoikuta sokoni mzigo ukifika. Ukimpigia dalali simu jioni, anakutajia bei ya leo, ilhali wewe utauza baada ya siku mbili, na bei ya asubuhi hiyo itaamuliwa na idadi ya magari yaliyoingia usiku. Njia niliyoiona ikifaa ni kutopeleka mzigo wote sokoni bila mnunuzi niliyekubaliana naye: karibu nusu ya gari langu huwa tayari imeahidiwa kwa wauza chipsi na wapishi wa shule, kwa bei ya wastani tuliyokubaliana mapema, nao hupata uhakika wa ukubwa na aina ya kiazi. Wakati soko likiwa juu naumia kidogo kwa nusu hiyo, na likianguka ndiyo inayolipa nauli.

Mnunuzi naye ana hatari yake akitegemea njia moja. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa, wakati wakulima wa Nyandarua na kwingineko walikuwa na viazi vyao. Kampuni ilieleza kwamba wasambazaji wake lazima wapite katika utaratibu wake wa kuthibitisha ubora. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki, lakini mimi nilijifunza kitu kingine: mnunuzi mkubwa hununua kumbukumbu pamoja na viazi. Tangu hapo ninaandika shamba, aina ya mbegu na tarehe ya kuchimba kwa kila mzigo. Anayevusha viazi mpaka wa Namanga kwenda Kenya anahitaji pia cheti cha afya ya mimea, nacho kifuatiliwe kabla ya kupakia, kwa kuwa mpakani viazi havisubiri karani.

La mwisho ni mali kauli, yaani kumwachia mteja mzigo kwa ahadi ya kulipa baadaye. Nilikuwa nikimwachia mzigo yeyote aliyenisalimia kwa heshima, nikirudi Njombe na daftari lililojaa majina. Sasa mteja mpya hulipa taslimu mara tatu za mwanzo, na wa zamani hapewi gunia jipya kabla hajamaliza deni la gunia lililotangulia, awe ndugu au rafiki.