Ukisafiri, beba jeshi dogo

Kila ninapofunga begi la safari, kitu cha kwanza kuingia si nguo. Ni kisanduku cha bati kisichozidi ukubwa wa kitabu, na ndani yake wamesimama askari wa plastiki, kila mmoja mrefu kama pingili ya kidole gumba. Chini ya vitako vyao, yaani vibao wanavyosimamia, nimebandika sumaku ndogo zinazowashika kwenye bati, hata nikikipindua kisanduku juu chini hakuna anayedondoka. Nguo hufuata baadaye.

Wewe unayecheza vita vya mezani unajua raha ya kukaa na mpinzani, kila mmoja na jeshi alilolipaka rangi kwa mkono wake, mkipima mwendo kwa inchi na kurusha madadu mpaka mmoja ashindwe. Ninachotaka kukuambia ni kwamba raha hiyo haina haja ya kubaki nyumbani unaposafiri. Duka la michezo ya mezani la mji usioufahamu ni mahali rahisi mno pa kupata mwenyeji. Unaingia humjui mtu, unatoka una mtu wa kumsalimia. Ila inategemea umebeba nini, na umeingiaje.

Safari yangu ya kwanza ya namna hii nilibeba jeshi zima la Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya siku za usoni, la pointi 2,000 (kila askari ana thamani yake ya pointi), kwenye mkoba mzito wenye sponji. Sikumwuliza mtu yeyote kitu. Nilifika dukani Ijumaa jioni nikakuta kila meza ina watu wa kadi za Magic: The Gathering, kwa sababu Ijumaa ni siku yao katika maduka mengi. Nilirudi Jumamosi. Meza moja ilikuwa wazi, na kijana mmoja alikuwa tayari kucheza, lakini mchezo wa pointi 2,000 unataka uwanja wa inchi 60 kwa 44 na unakula saa tatu, na zaidi kama wachezaji hawajazoeana. Yeye alikuwa na saa moja na nusu. Tukaagana. Usiku nilipofungua mkoba nikakuta mikuki minne imekatika na bendera ya jemadari imeng'oka. Nilikuwa nimeitengeneza bendera ile kwa wiki mbili.

Tangu siku hiyo nasafiri na kikosi kidogo tu. Kill Team, mchezo wa vikosi vidogo wa ulimwengu huohuo wa Warhammer 40,000, inachezwa kwenye uwanja wa inchi 30 kwa 22, yaani hata kona ya meza ya mtu mwingine inatosha. Infinity, inayotengenezwa na Corvus Belli ya Hispania, inahitaji askari kumi hadi kumi na tano. Malifaux haitumii madadu kabisa, ni karata. Blood Bowl, mpira wa fujo wa viumbe vya kubuni, ni wachezaji kumi na mmoja uwanjani. Wowote kati ya michezo hii unaingia kwenye kisanduku kimoja, na ukimaliza unabaki na muda wa kuongea, na mazungumzo hayo ndiyo nusu ya sababu ya kwenda.

Na ukiweza, beba vikosi viwili. Huu ndio ushauri ninaoupenda kuliko yote. Mara nyingi utakutana na mtu mwenye hamu lakini jeshi lake liko nyumbani, au ni mgeni wa mchezo aliyesimama pembeni akitazama. Ukimwambia, "Karibu ukae, kikosi hiki ni chako leo," umemaliza tatizo la mpinzani na umempa mtu mchezo ambao huenda angeusubiri mwezi mzima.

Kabla ya kuondoka, andikia duka. Maduka mengi yana kundi la Discord (mtandao wa mazungumzo) au ukurasa wa Facebook, na swali lako liwe fupi: siku gani mnacheza vijisanamu, mnacheza mchezo gani, toleo lipi, na je, meza huwekwa akiba? Neno toleo usilipuuze. Warhammer 40,000 ilibadilisha sheria zake mwaka 2017, ikabadilisha tena 2020, kisha 2023, na mtu aliyekaa miaka mitatu bila kucheza anaweza kufika na jeshi ambalo halihesabiki tena vile anavyodhani. Ujue pia kwamba maduka yenye jina la Warhammer mengi ni madogo, mengine yana mfanyakazi mmoja tu, kwa hiyo siku anayopumzika yeye duka limefungwa. Huko hutakiwi kuleta vijisanamu vya kampuni nyingine wala vilivyochapwa kwa printa ya 3D. Maduka huru kwa kawaida hayana shida na hayo. Usikasirike, kila nyumba ina utaratibu wake.

Kama unapanda ndege, rangi ya kupuliza ya kopo iache kabisa, hairuhusiwi hata kwenye mzigo wa chini. Visu vya kukatia plastiki viweke kwenye mzigo wa chini. Vichupa vya rangi za maji vina mililita 12 hadi 18 hivi, viko mbali chini ya kikomo cha mililita 100 cha mzigo wa mkononi, lakini vifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu hewa ya juu huvifanya vivuje. Kijisanamu cha resini usikiache ndani ya gari juani. Resini hulainika kwa joto, na upanga ulionyooka asubuhi utaukuta jioni umepinda. Mimi askari wangu wa safari wote ni wa plastiki. Vile vya chuma ni vizuri machoni, lakini vikigongana rangi inabanduka.

Ukishafika, nunua kitu. Hata kichupa kimoja cha rangi au brashi. Meza unayochezea hulipiwa na mauzo, na mwenye duka anayekukaribisha bure anatoa nafasi ambayo angeweza kuweka rafu ya bidhaa. Na usishike kijisanamu cha mtu bila kuomba. "Samahani, naomba kukiona?" inatosha kabisa, na ukiruhusiwa shika kitako, si mwili. Jasho la vidole hula rangi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wasafiri wengi hulikosea: mazungumzo kabla ya dadu la kwanza. Mkiwa watu wa duka moja, mna mazoea ambayo hamyaoni tena. Ukienda kwa wengine ndipo unagundua kwamba uliyoyadhani sheria yalikuwa desturi ya meza yenu. Je, dadu lililoegama ukutani linahesabiwa au linarushwa upya? Lililoanguka chini je? Magofu haya, ukuta wa chini unazuia kuona, au mtu anaweza kupiga risasi kupitia dirishani? Msitu unaishia wapi? Nimeona michezo mizuri ikiharibika raundi ya tatu kwa sababu ya dirisha moja. Kwa hiyo natembea kuizunguka meza pamoja na mpinzani, tunagusa kila jengo na kusema kwa sauti litakavyokuwa. Dakika tano tu. Na pale tunapotofautiana, nachukua desturi ya mwenyeji, kwa sababu mimi nitaondoka na yeye ataendelea kuchezea hapo.

Wakati wa mchezo wenyewe, sema nia yako. "Namweka hapa ili bunduki yako isimwone, unakubali?" Akikubali, limekwisha, hata kama baadaye atainama na kuona ncha ya kofia. Mchezo wa nia hauna ugomvi, na mgeni ndiye anayepaswa kuuanza.

Nina kawaida moja. Chini ya kitako cha kila askari wa safari naandika kwa kalamu nyembamba jina la mji aliochezea na mwaka. Jioni moja nilicheza na mzee ambaye hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Muuzaji alitutambulisha kwa ishara, akarudi kwenye kaunta. Tulizunguka meza tukigusa kuta: kiganja kilichonyooshwa mbele ya macho maana yake haionekani, vidole viwili vikitembea maana yake unaweza kupita. Idadi tulionyeshana kwa kugeuza madadu upande unaotakiwa. Alicheza polepole, akipima kila hatua mara mbili, na kila nilipotaka kufanya kosa la wazi alinyoosha futi ya kupimia mpaka kwa askari wangu na kunitazama kimya, mpaka nione mwenyewe. Alinishinda kwa pointi mbili. Tulipokuwa tunakusanya, akamgeuza askari wangu mmoja, akaona maandishi, akayasogeza karibu na miwani yake. Kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu. Jina la mji wake aliliandika yeye, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima.

Kama ukipata nafasi ya kupanga safari moja kwa ajili ya mchezo tu, nenda Nottingham, Uingereza. Makao makuu ya Games Workshop, watengenezaji wa Warhammer, yako huko, na Warhammer World yao ina ukumbi wa maonyesho wenye mandhari za vita zilizojengwa kwa maelfu ya vijisanamu, na meza za kuchezea pia. Warlord Games, wanaotengeneza Bolt Action, mchezo wa Vita vya Pili vya Dunia, nao ni wa mji huohuo. Tenga siku nzima na usiwe na haraka kwenye ukumbi ule. Ukiinama usawa wa macho ya askari utaona vitu ambavyo ukisimama hutaviona.

La mwisho: hesabu askari wako kabla ya kufunga kisanduku, na uhesabu tena kwa kutazama chini ya majengo. Mimi nilimwacha mpiga bunduki mmoja kwenye ghorofa ya pili ya gofu la plastiki, nikagundua nikiwa tayari mji mwingine. Niliandikia duka, muuzaji akampata, akaniuliza amtume wapi. Nilimwomba amweke kwenye kisanduku cha dukani kile cha kuazimisha wanaojifunza. Picha ya karibuni aliyonitumia inaonyesha kitako kimegeuzwa, na chini ya mwandiko wangu kuna miandiko mitatu mingine ambayo siifahamu.