Maabara hai mwaloni: ni mradi uleule au kitu kingine?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) kwenye mwalo mmoja wa kushushia dagaa huku kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Watu wa chuo wamekuja pamoja na shirika, wanataka kufungua kwetu "maabara hai" ya miaka mitatu ya kukausha dagaa kwenye vichanja. Wanasema huu si mradi, ni njia ya kubadilisha mfumo mzima na kulinda ziwa. Wazee wa mwalo wanasema ni mradi uleule umevalishwa kanzu mpya. Kitaalamu tofauti iko wapi, na tutaijuaje kabla hatujasaini?

JIBU: Marahaba, katibu. Wazee wana haki ya kuguna, maana siku hizi jina hili linabandikwa hata kwenye semina ya siku mbili. Ila lenyewe lina maana yake.

Wazo lilianzia Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, William Mitchell na wenzake wa chuo cha MIT waliona kwamba mtu akijaribu kifaa mbele ya mtafiti, anafanya tofauti na anavyofanya nyumbani kwake akipika na kulala. Wakatayarisha nyumba yenye vihisi kila kona, watu wakakaa humo siku au majuma. Wazungu wa Ulaya wakalichukua wazo hilo, na mwaka 2006 wakaanzisha mtandao wa maabara hai wa bara lao. Kidogokidogo "nyumba" ikawa mtaa, shamba, hospitali, hata mji mzima, na mkaaji aliyekuwa akitazamwa akaanza kubuni pamoja na mtafiti, mfanyabiashara na serikali. Pande hizo nne ndizo mhimili wake. Mkikuta upande mmoja haupo, mnayo haki ya kuuita mradi wa kawaida.

Mradi wa kawaida wa majaribio unakuja na jibu mkononi, unataka kuona kama linafanya kazi kwenu. Maabara hai inapaswa ije na tatizo, nanyi muwe na ruhusa ya kuwaambia, "Tatizo lenyewe mmelikosea." Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Miaka ya nyuma nilishiriki mradi wa vichanja kwenye mwalo mmoja. Vilikuwa vichanja vizuri: nguzo za miti, nyavu kuukuu zimekazwa juu, kimo cha kiuno ili mama asiiname. Dagaa walikauka wakatoka wanang'aa kama sindano. Tukapiga picha, tukaandika ripoti. Masika ya pili nilipopita pale, nusu ya vichanja vilikuwa vimeshaliwa jikoni, na kimoja kilikuwa kimezungushiwa mabati, kimegeuzwa banda la kuku. Nikamuuliza mama mmoja kulikoni. Akacheka: "Mwanangu, mchanga nao una uzito."

Hakuhitaji kuongeza neno. Mnunuzi alikuwa anapima kwa kilo na bei ni moja, wawe dagaa wa kichanja au walioanikwa chini mchangani. Aliyeanika mchangani aliuza dagaa pamoja na ufukwe. Aliyeanika juu aliuza dagaa peke yake, akapungukiwa. Isitoshe sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa inakwenda kwenye chakula cha kuku, na kuku hana meno ya kulalamikia mchanga. Sisi tulikuwa tumerekebisha meza, wakati kilichoharibika kilikuwa mzani.

Donella Meadows, mtaalamu wa mifumo wa Marekani, mwaka 1999 aliorodhesha sehemu 12 za kuushika mfumo ili ugeuke. Mkiani aliweka namba: viwango, ruzuku na kadhalika. Juu zaidi aliweka kanuni, lengo la mfumo, na fikra zilizouzaa. Idadi ya vichanja ni namba tu. Nani anapanga bei na kwa kipimo gani, hiyo ni kanuni. Kwa hiyo wakiwaambia "mabadiliko ya mfumo", waulizeni ni kanuni ipi wanakusudia iwe imebadilika ifikapo mwaka wa tatu.

Kwenu naziona tatu za kuanzia. Ya kwanza ni bei kulingana na daraja la ubora wa dagaa, na hiyo haipangwi Ukerewe peke yake. Inapangwa pia Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wanakonunua hadi watu wa Kongo. Bila mnunuzi wa kule kuketi kwenye kikao, yeye mwenyewe na fedha yake, hamna maabara. Ya pili ni ardhi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na vichanja mtataka viwe hapohapo. Halmashauri iseme mapema inakihesabu kichanja kuwa nini. Ya tatu ni mtaji. Mama anayechukua dagaa kwa mkopo wa mwenye mtumbwi hana nguvu ya kusubiri mnunuzi wa bei nzuri. Ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Jaribuni kuifungamanisha na kikundi cha waanikaji.

Kuhusu kulinda ziwa, hapo wasiwadanganye. Kichanja kinaokoa dagaa wanaooza siku za mvua, na hilo ni jambo jema. Lakini bei ikipanda, mitumbwi nayo itaongezeka. Kama kwenye daftari la maabara hakuna safu ya kuhesabu mitumbwi na taa za kuvulia kila giza, yaani siku zisizo na mwezi dagaa wanapovuliwa, neno "uendelevu" limewekwa kwa ajili ya mfadhili.

Vipimo vya kuanzia mnaweza kuchukua wenyewe. Chota kilo moja ya dagaa wa mchangani waliokauka. Waoshe kwenye beseni, koroga, waopoe, acha maji yatulie, kisha yamwage taratibu. Kinachobaki chini kianikwe kikauke, kipimwe. Fanyeni hivyo kwa waanikaji kumi kabla kichanja cha kwanza hakijasimama, muandike. Hiyo karatasi mkimwekea mnunuzi mezani ataacha kubishana, maana ataona anacholipia.

Kabla ya kusaini, ombeni kuona kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kama kuna wageni wa nje, na muulize kama TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi) wana habari. Mkataba useme daftari la takwimu linabaki kwa BMU na wao wanachukua nakala. Kisha tafuteni kifungu kinachowaruhusu kubadilisha mpango katikati. Kama hakipo, wazee wako walisema kweli tangu mwanzo.

Na wasiwapangie vikao vya "kila Jumanne ya pili ya mwezi". Giza likiingia, wavuvi wako majini usiku kucha na akina mama wako kwenye kuanika tangu alfajiri. Mtabaki na wafuata posho. Wekeni vikao wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepandishwa nchi kavu.