Barua kwa Mwanangu: Shule ya Mjukuu Wangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa utulivu. Unasema mjukuu wangu atatimiza miaka 6 kabla ya Januari, na kwamba baba yake anataka aandikishwe katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza iliyo mbali na Kimara, ambako atakuwa akipelekwa na gari la shule. Wewe moyo wako uko kwenye shule ya msingi ya serikali iliyo jirani na nyumba yenu, ila unaogopa watu wasije wakasema umembania mtoto. Umeniuliza ningekuwa wewe ningechagua ipi. Ninakujibu nikiwa mama yako, na pia nikiwa mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza kwa sehemu kubwa ya utumishi wake.

Kwanza muulizeni mwalimu mkuu ni nani atakayemfundisha mtoto wenu kusoma, na darasani atakuwa na wenzake wangapi. Lugha ya kufundishia ifuate baadaye. Darasa la kwanza na la pili ndiyo miaka ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto anayeingia darasa la tatu bila kuelewa anachokisoma hulazimika kuyabeba masomo yote kwa kukariri, hadi siku maswali yatakapomtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Nimewapokea watoto wa namna hiyo kutoka shule za kila aina, za bei kubwa na zisizo na ada.

Baba yake msimpuuze. Hofu yake ina msingi, kwa sababu masomo ya sekondari kwa sehemu kubwa hufundishwa kwa Kiingereza, na wapo watoto wengi wenye akili nzuri wanaofika kidato cha kwanza wakakaa kimya kwa kuwa hawamwelewi mwalimu. Lakini mjukuu wangu anafikiri, anauliza na kubishana kwa Kiswahili, na Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa, kiasi kwamba mtoto aliyezimudu silabi anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Akishapata uwezo huo, atauhamishia kwenye Kiingereza. Kumfundisha kusoma kwa lugha asiyoielewa ni kumpa kazi mbili kwa wakati mmoja, na hasa ikiwa mwalimu mwenyewe anaitumia lugha hiyo kwa kubabaisha, jambo ambalo si nadra. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka Kiingereza kuwa somo tangu darasa la kwanza hata katika shule za serikali, kwa hiyo hatakikosa kabisa. Swali ni nani anayekifundisha.

Ninawasihi mwende wote wawili katika shule zote mbili, siku ya masomo, asubuhi, na muombe ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa la pili. Mtawaona watoto wakisoma ubaoni kwa pamoja huku mwalimu akionyesha kwa kijiti, na sauti zao zitawafurahisha. Msiridhike na sauti hizo. Mwombeni mwalimu amwite mtoto mmoja, asiwe yule anayenyoosha mkono kila mara, asome mistari ileile kuanzia wa mwisho kwenda wa kwanza. Aliyekariri atakwama palepale. Anayejua kusoma atasoma, ingawa polepole. Kisha ombeni kuona daftari la mtoto anayesuasua, kwa kuwa daftari la anayeongoza halionyeshi kazi ya mwalimu. Angalieni kama makosa yamesahihishwa na mtoto akarudia, au kurasa zimejaa alama za vema zilizopigwa bila kusomwa.

Hesabuni watoto. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na ninajua kwamba shule nyingi za Dar es Salaam zimekivuka kwa mbali. Mkikuta 60 na mwalimu mwenye bidii, mimi bado ningempeleka hapo. Mkikuta zaidi ya 100, wengine wamekaa sakafuni, basi chukueni wazo la baba yake bila kinyongo, kwa maana hakuna mwalimu awezaye kumsikiliza kila mtoto akisoma katika umati huo. Ingieni vyooni pia. Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20, na mtoto wa kike anayejizuia tangu asubuhi hasikilizi somo.

Gari la shule ndilo linaloniumiza zaidi. Kwa foleni ya Barabara ya Morogoro, mtoto atalazimika kuamshwa saa kumi alfajiri ili gari limkute tayari, na jioni atarudi amelala kitini. Ni lini atacheza, na ni lini wewe utamsikiliza akikusomea? Kuhusu bweni, ambalo shangazi yake amelipendekeza, wizara ilikwisha kulizuia mwaka 2023 kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, nami ninaona ilifanya vyema.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada, ila sare, madaftari na michango ya chakula mtalipa. Kwa hiyo ningeanza na shule ya jirani, ikiwa darasa lake litapita mtihani huo niliowaeleza, na sehemu ya fedha ambayo mngelipia ada na gari ningeinunulia vitabu vya hadithi vya Kiswahili na vya Kiingereza. Baba yake anakizungumza Kiingereza vizuri; amsomee kila jioni kwa muda mfupi, naye atakuwa ametimiza lile analolitaka.

Uandikishaji kwa kawaida huanza Oktoba, nanyi mtatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, ambacho nakumbuka mlikuwa hamjakichukua. Kifuatilieni wiki hii. Mkishazitembelea shule zote mbili, niandikie mlichokiona katika yale madaftari, na baba yake naye aniandikie kwa upande wake.

Mama yako